Samaki wa Mama Ngoie

Mujukulu wangu Deborah,

Jambo sana kutoka Panda. Tuko wazima wote. Shangazi yako amerudi kutoka Kambove, na mahindi ya nyuma ya nyumba imeanza kukomaa.

Unaniuliza kama ni vizuri kupokea malipo ambayo chuo kinakupa kwa kufundisha wadogo zako wa mwaka wa kwanza. Unasema wao ni kama ndugu, moyo unakataa.

Wangu pia ulikataa. Miaka ile kampuni ya migodi haikulipa tena walimu wa shule zake, na wengi waliacha kuja darasani. Minye nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nikamufundisha hesabu Ngoie, mutoto wa jirani aliyekuwa sekondari. Kila nikimuuliza, alinijibu kama ndugu yake mukubwa, "Nimesikia, yaya." Kumbe hakuelewa kitu.

Siku moja mama yake, muuza samaki, akaniletea samaki wakavu wa Kapolowe. Nikakataa: "Mama, sisi ni majirani!"

Akakasirika. "Ndiyo maana anaogopa! Unamufundisha kwa huruma, yeye anaona haya kukusumbua. Weye kula samaki, mutoto apate kinywa cha kuuliza."

Tukala na bukari ya unga wa mahindi, mbele ya Ngoie mwenyewe. Kesho yake, katikati ya maelezo, akaweka kalamu chini.

"Yaya, hapo sijasikia. Anza tena."

Nikaanza tena. Akanirudisha tena, na tena, nami nikawa nacheka kwa furaha.

Basi pokea, mujukulu, nao waone umepokea. Halafu uniandikie nani amekuwa wa kwanza kukuambia uanze tena.

Nkambo yako anayekupenda