Sikio la Kushoto Bado

Baba watoto, na wewe kitindamimba,

Msichomoe waya wa kompyuta kuukuu. ~~Pasi pigeni chumbani.~~ Msipige pasi kabisa, umeme usije ukakatika. Dada anaunda programu ya kutia kwenye vile vidude vya masikio ya babu, vya kumsaidia kusikia. Kompyuta mpya imeikataa siku tatu, hii imekubali leo.

Maandishi ya njano yakijaa kwenye kioo, msiguse. Mimi asubuhi nilipiga kelele, dada akacheka: "Hayo ni maonyo tu, mama. Kama yako, hayaishi na kazi inaendelea."

Nikanuna, nikaenda jikoni. Akamvika babu kidude cha kulia, kilichokwisha kuwa tayari. Nikamsikia babu anauliza, "Nani anakoroga chai?"

Ni mimi, tena nilikoroga polepole.

Programu ya cha kushoto bado inaundwa. Nawaonya tena, msiguse.

Mama watoto