Kilo za Kandida na Mkanda wa Juu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua toka alfajiri. Nimempima Kandida kwenye ghala la jirani anayenunua mahindi. Mjukuu wangu ana miaka sita na hawezi kusimama. Shingo na mgongo wake havijakaza. Kwa hiyo napanda naye kwenye mizani, kisha napanda peke yangu, natoa. Kilo ishirini na moja. Wapakiaji wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Bibi, huyu tumshone kwenye gunia kabisa?" Kandida alicheka hadi mate yakamtoka.
Mwaka juzi alikuwa na kumi na tatu. Nimefurahi sana.

Jumanne, 4 Machi
Alhamisi ni siku ya mazoezi, hospitali ya misheni. Nimekagua kiti chake cha gari. Niandike kinavyofungwa, maana mwanangu Osmund husahau, na mama wa mtoto yuko Namasakata anakofundisha, huja likizo tu. Mkanda wa gari hushika kiti chini. Mkanda wa juu hutoka mgongoni mwa kiti, hupita nyuma, na kunaswa kwenye pete ya chuma iliyofungwa kwenye bodi ya gari. Kazi yake ni moja: gari likifunga breki ghafla, kiti kisiinamie mbele pamoja na kichwa cha mtoto. Kwa shingo iliyolegea, mkanda huo ndio kila kitu.
Pete ina kikomo. Kilo 29. Tuna nane za akiba.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Nimerudi kanisani, nikafungua kitabu cha gari ili ninakili ile sentensi ya kikomo kwa mwandiko safi. Nimeisoma yote kwa mara ya kwanza.
Kilo 29 ni mtoto pamoja na kiti.
Kiti kina kumi na moja. Jumla thelathini na mbili.
Najua kosa lilikoingilia. Huku kwetu gunia hutolewa. Ukipima mahindi, ukipima maharage, uzito wa chombo hauhesabiwi. Na mimi nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne, natoa chombo bila kufikiri. Lakini pete haijali kipi ni chombo na kipi ni mtoto. Inavutwa na vyote.
Kandida alipita kilo kumi na nane, kikomo chake halisi, mwezi wa sita. Miezi tisa tumemsafirisha hivyo. Osmund aliniamini kwa sababu nilisema nimesoma.
Sijamwambia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimenyamaza na tumekwenda. Nilikaa nyuma, mkono juu ya kiti, kama mjinga. Breki ya ghafla hugeuza kilo thelathini na mbili kuwa mzigo ambao hakuna mkono unaoushika. Nimelifundisha hilo mara ngapi?
Lori la makaa ya mawe lilisimama mbele yetu kwenye mteremko. Osmund akakanyaga breki. Mkanda ukakaza, nyuma yangu chuma kikalia. Basi. Hakikutokea kitu.
Hospitalini Kandida alikaa mwenyewe, bila kushikwa, hadi dada wa mazoezi alipohesabu nne. Mara ya kwanza maishani mwake. Osmund alilia. Dada akasema, "Bibi, msikose hata wiki moja."


Ijumaa, 7 Machi
Kitabu cha kiti: mtoto asiyeweza kujishikilia asisafiri bila mkanda wa juu. Kitabu cha gari: usizidishe kikomo. Vyote viwili viko sahihi. Mimi niko katikati.
Kumpakata, hatari zaidi. Mkanda wa watu wazima, atateleza chini na umkabe shingo. Nimechora, nimefuta, nimechora tena. Hakuna mlango.
Nikisema, mazoezi yanakatika. Nisiposema, siku moja pete itang'oka.

Jumapili, 9 Machi
Mchana nilimpakulia Kandida nusu ya ugali wake. Nikaona mkono wangu unavyofanya. Tangu Jumatano umekuwa ukifanya hivyo, na mimi najidai sioni. Nampunguzia mtoto chakula ili nisitamke kosa langu.
Nilimpa sahani yangu, nikatoka nje, nikamwita Osmund.
"Toka lini, Mama?"
"Mwezi wa sita."
"Na Alhamisi ulikuwa unajua?"
"Nilijua."
Kisha akauliza, "Angekuwa mwanafunzi wako, ungempa ngapi?" Hakuwa anatania.
Nikasema sifuri. Akaenda kwenye gari, akakifungua kiti, akakileta ndani huku mvua ikinyesha, bila kuniangalia.

Jumanne, 11 Machi
Fundi wa gari amesema, "Bibi, nakuchomelea pete ya trekta, hata ng'ombe atapanda." Nimekataa. Nguvu haiko kwenye pete peke yake, iko kwenye bati lililo nyuma yake, na hilo hakuna aliyelipima. Amenuna.
Kiti chepesi cha kilo tano au sita kingetupa nafasi ya miezi sita, labda tisa. Songea hakipo. Mama wa mtoto amewapigia simu wauzaji wa Dar. Wamemwambia asubiri. Hawakusema hadi lini.
Osmund ananisalimia, ananiletea chai. Zaidi ya hapo hakuna.

Alhamisi, 13 Machi
Gari limebaki uani. Osmund amekwenda hospitalini kwa basi, peke yake, akafundishwe mazoezi ya kufanyia nyumbani. Amerudi saa nane na karatasi ya michoro. Tumetandika mkeka sebuleni. Nilimwambia anashika nyonga vibaya. Akasema, "Mama, leo mwanafunzi ni wewe. Soma karatasi yote." Nikaisoma yote, hadi mstari wa mwisho. Alikuwa sahihi yeye.
Kandida alikasirika, akalia, akanyamaza. Tukamkalisha. Osmund akaachia mikono.
Moja. Mbili.
Kisha akaniangukia kifuani, mzito, moto, pumzi yake shingoni mwangu. Osmund alinyoosha mikono amchukue. Nikamwambia amwache kwanza.