Mzee Anakubali Kila Sentensi Ninayomsomea

Bi Luul mpendwa, kabla sijaituma sura hii ya tasnifu yangu Ijumaa naomba unishike mkono, maana nimefika mahali siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na Charity ninayekaa naye huku ughaibuni, mtaa wa Acocks Green, ameshachoka kunisikiliza.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu wa isimu, na utafiti wangu ni jinsi watu wanavyoacha maneno katika sentensi na bado wakaelewana, kama vile ukimwuliza mwenzako "Umefunga?" naye akajibu "Nimefunga," mlango haukutajwa hata mara moja lakini wote mnaujua, na msimamizi wangu, Profesa Vikram, anafuatilia jambo hilo katika lugha za Asia, yeye ana Kijapani na Kikorea, mimi nikachukua Kipunjabi kwa sababu nilikulia Nakuru ambako mama yangu alipika kwa familia moja ya Kalasinga, wale Wahindi wa vilemba, na nilicheza na watoto wao mpaka lugha ikaniingia. Bi Luul, naipenda kazi hii kupita kiasi, hata kwenye basi huwa nasikiliza yale watu wasiyoyasema, na najiuliza ni nini kinachowaruhusu kuacha neno hili huku lile hawathubutu kuliacha.

Basi mwaka jana nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa nazungumza Kiswahili kwenye simu, mzee mmoja wa kilemba nyuma yangu akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, wewe mtu ya wapi?" na kumbe naye ni mzaliwa wa Nakuru, Mzee Harbhajan, zamani fundi wa injini za reli, sasa amefiwa na mkewe, anaishi na mwanawe na mkwewe, na tangu hapo kila Jumamosi naenda kwao, tunakula, kisha namsomea sentensi za Kipunjabi nilizozitunga na kumwuliza kila moja, "Hii inasemwa?" naye huniambia inasemwa, nami naandika ndiyo. Aliwaita hata wazee wenzake wawili, nao walimwangalia yeye kwanza kisha wakasema inasemwa.

Nimeandika ndiyo miezi minane. Sura nzima imesimama juu ya ndiyo hizo, na Profesa amefurahi mno kwa sababu zinapingana na walivyoandika wengine, anataka kuzitumia katika makala yake. Kisha Jumamosi iliyopita mkwe wa mzee, Jasvir, alipita nikiwa nasoma, akaangua kicheko, akaniita jikoni akaniambia, "Hiyo hakuna mtu anayesema. Baba anaona haya kukukatalia." Nikarudi mezani nikatunga sentensi ya ovyo, maneno yamepinduliwa juu chini, hata mtoto angecheka, nikamsomea mzee, naye akaniangalia kwa huruma akasema, "Iko sawa kabisa, beti. Kula kwanza." Beti kwao ni binti.

Charity anasema, "Wewe submit tu, nani ata-check Kipunjabi chako?" Lakini nikinyamaza nitakuwa nimeieleza dunia lugha ambayo hakuna anayeizungumza, na nikisema ukweli napoteza sura, pengine na mwaka mzima, na Profesa atamwona mzee kama mwongo, mzee ambaye sijawahi kusikia uongo kinywani mwake ila huu. Nifanye nini?

Kendi, Acocks Green

*

Kendi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na umeniharibia nyumba. Jana nilimwuliza mume wangu Korane, "Bado?" akajibu, "Bado," nikabaki nimesimama nikijiuliza sisi wawili tumezungumzia nini, na tulijua vizuri sana. Kwa hiyo hamu yako naielewa. Na pole kwa miezi minane, si kidogo.

Sasa nikugombeze. Wewe uliyelelewa na mama mpishi, nani alikufundisha kwamba mtu atamkosoa mgeni mezani kwake? Ukialikwa mahali, wali ukawa mbichi, unasema nini? Unasema mtamu, na unaongeza kidogo. Mzee naye vivyo hivyo. Ulikwenda kwake kama mgeni, ukaketi kama binti, kisha ukataka akuhukumu kama hakimu. Na wale wenzake wawili, ulitaka wampinge aliyewakaribisha, tena mbele yako? Mimi sina shahada ya isimu na nimeliona hilo nikiwa nimesimama jikoni kwangu huku mtaa wa Shard End. Swali lako ndilo lenye kosa, mzee usimguse.

Ushauri wa Charity uache hapo hapo. Anauliza nani atakagua Kipunjabi chako. Mji huu umejaa watu wa kukikagua, na wa kwanza ameshakucheka.

Kesho asubuhi nenda kwa Profesa Vikram kwa miguu yako, usimwandikie. Mwambie uliuliza vibaya, majibu huyaamini tena, unaomba muda. Mwonyeshe ile sentensi ya ovyo na jibu lake. Jina la mzee usilitaje. Atakasirika, mwache akasirike, halafu umwulize kwa adabu wale watu wake wa Kijapani na Kikorea waliulizwaje, maana sidhani kama ni Nakuru peke yake watu wana haya.

Kwa mzee, usisome tena sentensi moja na kungoja ndiyo. Msomee mbili, achague. Au mwambie kuna mtu alisema hivi, amsahihishe huyo mtu. Au omba ruhusa, washa kinasa sauti, unyamaze, umwache agombane na Jasvir kuhusu chakula. Wale wenzake waulize mmoja mmoja, kila mtu nyumbani kwake.

Ila hayo yote hayatakusaidia kama hujaliona jambo moja, na hapa nisikilize. Huyu ni mzee aliyefiwa, watu wa nyumbani bila shaka wako kazini wiki nzima. Anapata binti wa kuzungumza naye Kiswahili cha kwao kila Jumamosi, na binti huyo anakuja na orodha ya maswali. Unafikiri mzee anawaza nini? Anawaza kwamba akizikataa sentensi zako, utakwenda kumtafuta mzee mwingine. Wewe unaogopa kupoteza sura moja. Yeye anaogopa kukupoteza wewe.

Basi kabla hujafungua daftari, mwambie kwa Kiswahili, polepole, na safari hii usiache neno hata moja: "Baba, utafiti huu utakwisha, na mimi Jumamosi nitaendelea kuja." Subiri akuelewe. Kisha msomee sentensi ya kwanza, na akikuambia haisemwi, ndipo uandike.

Bi Luul