Samaki Walipanda, Nami Nikanyamaza

Shoga yangu Mwanajuma,

Najua salamu hazikufikii, lakini sina mwingine wa kumwambia. Nimechoka. Ni miezi saba sasa tangu maji ya Mida yakuchukue. Watu wanasema Kilifi litajengwa daraja, tuachane na feri. Ungekuwepo ungesema utalivuka wa kwanza, kikapu cha kaa kichwani.

Mimi sijarudi mikokoni. Kulabu zetu mbili nimezichomeka kwenye makuti ya paa, zinaota kutu.

Wakumbuka wale samaki wa topeni, macho juu ya kichwa, wanaojikokota kwa mapezi kama watoto wanaoanza kutambaa? "Hawa wamechoka kuogelea," ukisema. Ndio waliokuwa saa yetu. Mmoja wetu hulala kifudifudi, mkono na kulabu ndani ya shimo la kaa, haoni kitu; mwenzake husimama kuwatazama samaki. Wakianza kupanda mizizi ya mikoko, maji yanajaa, na mkondo ulio nyuma yetu, tunaouvuka kurudi nyumbani, hujaa kwanza. Unaita, mnaondoka, hata kaa awe mkubwa vipi.

Siku ile zamu ya kutazama ilikuwa yangu. Watu wanajua ulichelewa kuvuka. Wanajua nilishika ncha ya kanga yako, ikabaki mkononi mwangu. Wasilolijua ni kwamba samaki niliwaona. Alipanda mmoja, wakaja watatu, mara mzizi mzima umejaa. Nawe kulabu ilishanasa, unacheka shavu likiwa topeni: "Huyu wa kuuza hoteli, huyu!" Tangu asubuhi hatukuwa tumepata kitu. Nikanyamaza. Nilidhani ni kidogo tu, atoke huyu mmoja. Nisamehe, shoga.

Kila Ijumaa mama yako huniletea mkate wa kumimina. Hunishika mkono, huniambia, "Ahsante, mwanangu, ulimpigania." Nami huitikia. Mkate wenyewe nawagawia watoto wa jirani.

Kesho ni Ijumaa. Sitamngoja aje, nitakwenda mimi. Kanga yako nimeifua, nitampelekea. Nitamwambia niliwaona wakipanda na sikukuita. Akinifukuza nitaondoka, akinipiga sitakimbia. Naogopa, Mwanajuma, lakini kunyamaza kumenichosha zaidi.

Mungu akulaze pema. Nakuahidi, ile ahsante ya mama yako sitaiitikia tena.

Mwenzio wa kulabu,
Saumu