Mwanya wa Skola

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Kaengesa haijakufungia ndani, na goti limepoa, unafika kanisani bila kushikwa mkono. Sisi huku Dar es Salaam tunaamka, ila moyo wangu hautulii.

Uliuliza matibabu ya Skola yataisha lini tuje. Daktari wa meno anasema taya lake la juu ni jembamba, ndiyo maana anatafuna upande mmoja na kulala kinywa wazi. Amemwekea chuma kwenye kaakaa, chenye skrubu katikati. Kila jioni naizungusha kidogo kwa kifunguo chembamba kama pini, na mfupa unaachana taratibu. Kuzungusha ni wiki tatu hivi. Halafu chuma kinabaki humo kama miezi sita, mfupa ujaze na kukomaa. Baadaye huenda akafungwa nyaya za kunyoosha meno, mwaka au zaidi.

"Ni kitu cha kawaida, mama," daktari aliniambia. Kuhusu mwanao Deo pia tuliambiwa hivyohivyo asubuhi ile walipompeleka chumba cha upasuaji, tukarudi Kaengesa na jeneza. Nikishika kile kifunguo nasali kwanza.

Wiki iliyopita meno yake ya mbele yakaachana. Nilipiga kelele, nikajua nimempasua mtoto. Yeye akakimbilia kioo, akacheka: "Mama, ona! Nina mwanya wa baba!" Tangu hapo anajaribu kupiga mluzi, kama Deo alivyowapigia ng'ombe wa kulimia.

Daktari alipouona alifurahi. Alisema ndiyo dalili mfupa umefunguka, na mwanya utajifunga wenyewe. Skola akamwangalia kama anayemwangalia mwizi. Tangu juzi amebana kinywa.

"Sifungui. Mnataka kumtoa baba tena."

Daktari ameonya kwamba tukiacha sasa, mfupa utarudi ulikotoka. Nikimlazimisha naogopa kumuumiza, nikimwacha naogopa pia.

Kwenye simu ningelia naye angesikia, ndiyo maana nimeandika. Shemeji akishakusomea, apige hapohapo, uongee na Skola. Wewe ndiye uliyemzaa mwenye mwanya ule. Mwambie baba yake haondoki meno yakikutana. Kwangu haamini. Kwako atafungua kinywa.

Nisalimie shemeji na mke wake, na wifi aliye shuleni Chala.

Mkweo akupendaye,
Mama Skola