Bei Zitapanda

Bariadi,
12 Novemba, 1995

Kwako mdogo wangu Kristofa,

Mwangaluka, ndugu yangu. Natumaini hapo Mwanza u mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku miili ni mizima, ila mimi tangu uchaguzi sijielewi.

Baba ameanguka. Udiwani kauchukua mpinzani, na aliyemwangusha ni kijiji chetu wenyewe, pale pale walipozoea kumwekea kiti kabla hajafika. Nilipoambiwa nilidhani ni utani.

Baba amekwisha kumpata mchawi wake. Anasema rafiki yake Machibya amenunuliwa, na juzi alimpita njiani bila kumsalimu. Watu waliocheza ngoma moja tangu ujana, Kristofa! Niliona aibu nisijue pa kutazama.

Unajua nilikwenda kumpigia Baba kampeni. Mimi ni mwenye duka, nikasema linaloninyima usingizi: sukari, sabuni, mafuta ya taa, kila lori linashuka na bei mpya. Nikawaambia, "Mkiwachagua wale, bei zitapanda!" Wanawake wakapiga vigelegele. Kichwa kikanivimba, nikarudia kwa sauti zaidi. Hata Baba alipiga makofi.

Jumapili nilikuwa jikoni kwa Mama nikimlaani Machibya. Mama akasema taratibu kwamba Machibya hana kosa, mimi ndiye niliyewageuza watu. Siku hizi kila mnunuzi wa pamba anakuja na mzani wake na bei yake, na kijiji kizima kinaulizana jambo moja tu, kama bei itapanda. Nami nikasimama mbele yao nikawaahidi kwamba wale wakishinda, itapanda.

Nilikaa chini kama gunia la chumvi. Nikamuuliza, yeye kura yake alimpa nani.

"Mayu, mwanangu, wewe una duka, mambo ya bei unayajua. Nilikuamini."

Mama yetu, Kristofa! Mke wa mgombea!

Kesho nitamwambia Baba sehemu yangu, ili akamwombe Machibya radhi. Ya Mama tuyazike mimi na wewe. Ukimaliza kusoma, choma barua hii.

Shangazi Generoza anakusalimu. Mama pia anakusalimu sana. Pamba yake yote bado iko ndani, amekataa kuiuza, na kila nikifika ananiuliza ile bei niliyosema itaanza lini.

Ni mimi dada yako,
Specioza