Koti Lako Alilivaa Bakari

Baba,

Nimevunja amri yako. Nakwambia mapema, usije ukasikia kwa mwingine huko uliko.

Uliniusia mbele ya wazee wa kanisa: "Nisizikwe kwa mayowe, wala watani wasije kunichezea. Mkristo ni mtu wa akili, Agnesi. Akili ndiyo inashika usukani." Usukani, nawe hata baiskeli ilikushinda! Lakini katekista mzima wa Matambarale ningekubishia nini? Msibani kwako nikakaa mlangoni kama askari. Shangazi akianza kulia, namkazia macho. Mimi mwenyewe, mkavu. Wakanong'ona kwamba sina moyo.

Waliyasema hayo hayo juu yako tulipomzika Yohana. Ndiyo, leo nakwambia. Mwaka ule Ruangwa ilipofanywa wilaya, homa ilimchukua mdogo wangu kwa siku mbili, nawe ukaongoza maziko ya mwanao bila hata sauti kutetemeka. Nilipolia ukanishika bega: "Nyamaza. Sisi tuna tumaini." Kesho yake alfajiri ukaenda kupalilia mikorosho. Nilikuchukia, Baba. Miaka yote nimekuamkia shikamoo huku moyoni nauliza, hivi huyu alimpenda Yohana kweli?

Basi siku ya pili ya msiba akaingia Bakari, mtani wako wa Likunja. Kavaa koti lako jeusi, sijui kalitoa wapi, na miwani yako iliyofungwa uzi. Akaiga mwendo wako, akakohoa kikohozi chako. Watu wakaangua kicheko. Nikainuka kumtimua, nikamkamata ukosi.

Akachomoka. Akachukua jembe, akawa anapalilia uani, kimya, ameinama kama wewe. Mara akalitupa, akakumbatia nguzo ya kibanda: "Yohana! Yohana, mwanangu wee!" Hakuna aliyecheka tena.

"Nilimkuta hivyo shambani asubuhi ile," akaniambia, "kakumbatia mkorosho. Akaniapisha nisimwambie mtu maadamu yu hai."

Nikapiga yowe, Baba. Walinisikia hadi barabarani. Nilikulilia wewe, nikamlilia Yohana, na hasira nazo zilikuwemo. Kwa nini mkorosho, nami nilikuwepo? Tungelia wote wawili. Tumaini lisingepungua hata chembe.

Tena wewe ndiye uliyetusomea darasani kwamba Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake. Mstari ule uliupita mbio. Nilidhani unawahi kupiga kengele.

Darasa lako wamenipa mimi, naanza Jumapili. Akili nitawafundisha, usihofu. Ila nikifika pale Yesu analia, sitafunua ukurasa mpaka mtoto wa mwisho ameuliza swali lake. Nakuahidi. Na mtoto akilia, sitamnyamazisha.

Koti nimemwachia Bakari.

Lala salama, Baba yangu. Msalimie Yohana. Mwambie ulimlilia, maana na yeye hakujua.

Binti yako,
Agnesi